Miaka Miwili Mke Wangu Alionja Kwanza

Mwaka 2017, nikiwa na miaka hamsini na nane, tonge la bukari, ugali wetu wa mihogo, lilisimama katikati ya kifua changu na kukataa kushuka. Ilikuwa saa sita mchana, hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa katika eneo la Fizi, mbele ya wateja wa mashini yangu ya kusaga. Wanawake wako kwenye mstari na mabeseni yao ya mihogo mikavu, wote wananitazama, na mimi mwenye mashini nimeinama nyuma ya mlango natema mate.

Mnijue kwanza. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Baba akaona inatosha, nikaenda kubeba mifuko bandarini Kazimia. Nilibeba samaki wakavu na mihogo mgongoni mpaka nikapata mtumbwi, mtumbwi ukazaa mwingine, na hiyo miwili ikazaa mashini. Hakuna mjomba aliyenisukuma. Hakuna shirika lililonipa jembe. Kwa hiyo anayetafuta mzee wa kulialia aende kwa mwingine, wako wengi. Naandika kwa sababu najua kuna mtu huko, Fizi au Uvira au popote, anayekula huku akiogopa sahani yake, na watu wanaomzunguka ni wajinga kama walionizunguka mimi. Na yeye mwenyewe pengine ni mjinga kama mimi.

Haikuwa kikohozi. Hewa ilipita vizuri. Ni chakula kilichosimama, kama lori lililozama kwenye matope ya barabara ya Fizi, na mate yanakuja nyuma yake na kukosa pa kupita. Baada ya robo saa kikashuka chenyewe. Nikafuta machozi, nikarudi, nikamaliza sahani. Sikumwambia mtu. Niliona ni aibu kushindwa na tonge.

Likarudi. Nyama ya mbuzi, halafu samaki, mukeke wa kukaanga, halafu bukari tena. Ukitaka kumjua mwenye ugonjwa huu usimuulize, mtazame anavyokula. Anakata nyama vipande vya kumpa mtoto. Anakunywa maji kila tonge. Anatafuna mpaka wenzake wamenawa mikono. Akialikwa arusi anasema ameshiba, akiitwa kwenye matanga anasema ana safari. Mimi nilifanya yote hayo mwaka mzima na nikajiona mjanja. Mkanda wangu ulianza kuhitaji tundu jipya kila msimu, nikatoboa mwenyewe kwa msumari. Shati la Jumapili likawa limening'inia mabegani. Watu walisema mzee ana ukimwi. Wengine walisema mzee ana mwanamke Kazimia. Baraka haikosi madaktari wa barabarani.

Wa kwanza kunitibu alikuwa mkata kilimi, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniambia nifungue kinywa, akaingiza chuma kilichopindwa. Nilitapika damu mpaka suruali ikalowa. Wiki nzima nilikunywa uji. Kilimi changu hakikuwa na kosa lolote, kilikuwa kimekaa kwake kwa amani, na bukari ikaendelea kusimama palepale kifuani, mbali kabisa na alipokata.

Wa pili alikuwa mama mmoja anayevuta vitu kutoka kifuani. Alinipaka mafuta, akaweka mdomo wake hapa kwenye mfupa wa kifua, akavuta, akatema kipande cha nyama kwenye jani. Nikakitazama.

"Mama, mi sijakula nyama mwezi muzima. Hii ni ya nani?"

"Ni ya zamani, Baba. Ilikuwa imejificha."

"Ya zamani, na iko na harufu ya soko ya leo asubui?"

Alinikasirikia mimi. Akasema wenye kiburi hawaponi.

Wa tatu walikuwa watu wa chumba cha maombi. Mtu hawezi kula, wao wakampa dawa ya kufunga siku tatu. Siku ya nne nilitoka nikiyumba, wakaimba kwamba naonekana mwepesi. Kwenye dispanseri nako nilipewa dawa ya minyoo, dawa ya malaria, dawa ya tumbo, kila mara anfirmie, muuguzi wa pale, akiandika bila kuinua uso. Hiyo ya tumbo ilisaidia kidogo, nikaiacha kwa sababu ilisaidia kidogo. Nilitaka kitu cha kusaidia kwa nguvu.

Ndipo dada yangu Mauwa akaingia. Mauwa ni mkubwa wangu, mjane, nyumba yake iko nyuma ya yangu, na sauti yake inafika kabla yake. Mwanzo wa mvua za 2019 aliita kikao cha jamaa kwenye baraza yangu bila kuniuliza. Mke wangu, Mama Riziki, tuliyekaa naye miaka thelathini na mbili, alileta viti.

"Muniambie," Mauwa akasema, "ndugu yetu anakufa. Anakulaka kwa mikono ya nani?"

Wakageuka kumtazama mke wangu.

"Chakula ya hoteli haimukwame. Chakula ya kwangu haimukwame. Ni ya hapa tu."

Ilikuwa kweli na haikuwa na maana. Hotelini nilikuwa nimeacha kula zamani, na kwake sikula kamwe kwa sababu anapika vibaya. Lakini ukoo mzima wakatikisa vichwa kama wamesikia hakimu.

"We unasemaka nini, dada?" mke wangu akauliza.

"Sisemi kitu. Kama mikono yako iko safi, onja."

Sharti nieleze kwa msomaji wa mbali. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Ni heshima, kwa wageni, kwa pombe, kwa watu wasiojuana. Kumwambia mke aonje bukari ya nyumba yake ni kitu kingine. Ni kumvua nguo barazani.

Mama Riziki alimtazama Mauwa. Halafu akanitazama mimi. Alingoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na nimesema maneno mengi maishani kwa watu wenye bunduki kwenye vizuizi vya barabara bila kutetemeka. Nikatazama viatu vyangu.

Akakata tonge, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, akala. Siku hiyo na kila siku, miaka miwili. Asubuhi, mchana, jioni, anaweka sahani, anaonja, anasogea. Hakulia. Hakupiga kelele. Aliacha tu kuniita Baba Riziki. Akawa ananiita "Muzee", kama anavyowaita wateja wa mashini. Na chakula alichoonja kikaendelea kunikwama, na yeye hakukwama wala kuugua, na katika jamaa nzima hakutokea kichwa kimoja cha kuuliza inakuwaje. Mauwa alisema mke wangu anakunywa dawa ya kuzuia sumu.

Kitu kimoja tu hakukionja. Kila asubuhi nilijinunulia mwenyewe kikombe kikubwa cha maziwa, ya ng'ombe wa Bibokoboko, huko juu milimani kwa wafugaji, yaliyoshushwa na akina mama kwa madumu, na mkate. Nilikunywa nimekaa mlangoni pa mashini ili watu waone. Mtu aliyeanza maisha kwa kubeba mifuko hawezi kunywa chai ya rangi. Ndivyo nilivyofikiri.

Kiangazi cha 2021 tulibatiza mtoto wa Riziki, binti yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Wageni walijaa uani. Kaka wa mke wangu, Wilondja, alishuka kutoka Fizi-Centre na pikipiki yake. Mke wangu alipoleta sahani yangu, pengine angeniachia nile kimya kwa heshima ya siku. Mauwa akapaza sauti kutoka upande wa pili:

"Mama Riziki, umesahau kazi yako?"

Mke wangu akainama kuonja. Wilondja akaweka chupa yake chini.

"Shemeji," akaniambia, "hii ni nini mi naona?"

Nikasema ni mambo ya nyumbani.

"Mambo ya nyumbani? Dada yangu anakujaribiaka sumu sawa panya, na batu banakula?"

Nikatazama sahani yangu. Mke wangu akajinyoosha, akafuta vidole kwenye kitenge.

"Muzee," akasema, "miaka mbili nilingoja useme kitu. Sikuwa na haraka. Leo umesema."

"Sijasema neno!"

"Njo ile, kunyamaza kwako."

Akaingia ndani, akatoka na begi moja, akapanda nyuma ya pikipiki ya kaka yake. Wageni waliendelea kula. Pilau ilikuwa nzuri, walisema. Mimi sikuijaribu.

Mauwa akachukua jiko langu kwa furaha ya askari aliyeteka mji. Mvua za kwanza zilipoanguka Septemba, alinichemshia nyama ya mbuzi. Tonge la tatu likasimama. Nikangoja robo saa. Nikangoja saa moja. Jioni mate yalikuwa yanamwagika kidevuni, maji nayo yanarudi. Nikamuuliza Mauwa, kwa ishara na kwa kukoroma, kama sumu ilikuwa mikono ya mke wangu na mikono hiyo iko Fizi-Centre, hii imetoka wapi?

"Aliacha kitu ndani ya nyumba," akasema.

Nilimtazama dada yangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikaona upumbavu kwa sura yake kamili. Ulifanana na mimi, pua na yote.

Riziki akanipakia kwenye gari asubuhi kwenda Uvira, na kutoka Uvira kwenda Bukavu. Nilibeba kopo la maziwa ya unga la kutemea. Kila shimo la barabara ile nalijua sasa. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, muuza ndakala, dagaa wa ziwa letu, simjui jina, alichukua lile kopo mikononi mwangu nilipochoka, akalishika njia nzima mpaka Uvira, akalimwaga dirishani likijaa, akanirudishia. Hakuniuliza ninaumwa nini. Hakunipa ushauri. Katika safari yangu yote ya ugonjwa huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenisaidia.

Hospitali ya Bukavu ina benchi refu linalotazama ukuta. Unachukua fishi, karatasi yako ya namba, unakaa, unasogea tako moja kila mgonjwa mmoja akiingia. Pembeni yangu baba mmoja alikuwa anasimulia magonjwa yake kama mtu anayehesabu ng'ombe. Mwingine alikuwa ananiambia nijaribu majivu ya ngozi ya kenge. Nilikuwa siwezi kuongea, ndiyo bahati yake.

Docta alikuwa msichana. Namwita msichana, alikuwa na miaka ya mtoto wangu wa tatu, amevaa raba. Nikamuandikia Riziki kwenye karatasi: "Mwambie aite mkubwa wake." Riziki hakumwambia. Docta akanitazama kinywa, mkanda, kola ya shati.

"Papa, unakunywaka mayi kila tonge?"

Nikatikisa kichwa ndiyo.

"Na karamu, ulisha kuacha kuenda?"

Nikatikisa tena. Miaka minne, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninavyokula. Wote waliuliza ninakula kwa nani.

Walinilaza, wakaingiza kamera ya mpira kooni, wakatoa nyama ya Mauwa. Baadaye docta alinionyesha picha za umio wangu, hiyo njia ya chakula. Ulikuwa na pete pete toka juu mpaka chini, kama koromeo la ng'ombe buchani, na mifereji, na madoa meupe. Alikuwa amenyofoa vipande vidogo vya kupimwa. Wiki tatu nikakaa Bukavu kwa uji na ndizi za kupondwa, nikisogea benchini. Majibu yakaja.

"Ni mzio, Papa. Mwili wako unakataa chakula fulani, na vita inafanyika hapa, ndani ya umio."

"Haiko sumu?"

"Haiko sumu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Papa. Kwa nini?"

Nikaomba kutoka nje nikatazame mvua.

Aliponieleza vizuri, hakunipa mambo ya kitabu, na mimi sitawapa ninyi. Alisema ngozi ya ndani ya umio ni kama ukuta, seli ni matofali, na katikati lazima kuwe na udongo wa kuyashika. Kila mtu huzaliwa na maagizo mwilini ya namna ya kujenga ukuta huo. Kuna watu ambao agizo moja lilipotea kabla hawajazaliwa. Ukuta wao unasimama, lakini una nyufa. Chakula kinapenya, mwili unashtuka na kutuma askari, na askari hawapigi chakula, wanabomoa ukuta.

"Askari wametumwa kulinda nyumba, wanaipora," nikasema.

"Njo vile, Papa."

"Hiyo hukuhitaji kunieleza. Mi natoka Fizi."

Alicheka. Halafu akauliza kama kuna mwingine katika jamaa aliyekuwa anakwama.

Nilifungua kinywa kusema hakuna. Nikakumbuka baba.

Baba yangu alikufa kwenye karamu ya mavuno, nyama ya ng'ombe mkononi, akijipiga kifua. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kabla ya hapo alikuwa anakula peke yake, polepole, na bakuli la maji pembeni, na sisi tuliona ni ukubwa wa mwanamume. Mke wake wa pili ndiye aliyepika nyama ile. Walimfukuza siku ya maziko. Alitoka na chungu kichwani, na sisi watoto tukamrushia mawe, na jiwe langu ndilo lililovunja chungu. Nilijisifu kwa jiwe hilo miaka mingi. Mwanamke yule alikufa Kazimia, peke yake. Na babu, baba wa baba, nilisikia alikula uji tu uzeeni, na mke wake aliitwa mchawi mpaka akarudi kwao.

Nilimwambia docta yote. Aliandika, halafu akaacha kuandika.

Alichukua damu yangu na ya Riziki, wenzake wakaipeleka ng'ambo kuchunguzwa. Alinionya kwamba wengi wenye ugonjwa huu hawaonekani na agizo lililopotea, na kwamba wataalamu wenyewe bado wanatafuta. Majibu yalichukua mvua nzima na kiangazi. Yaliporudi yakasema kwetu limepotea kweli. Kwangu na kwa Riziki. Riziki anameza vizuri mpaka leo, ila sasa anajua akianza kukwama aende wapi, na si kwa nani.

Kwa hiyo wanaume watatu, baba, mwana na mjukuu, tulizaliwa na ufa ndani yetu, na kila mmoja alitafuta mwanamke wa kumbebesha. Hiyo ndiyo akili ya ukoo wangu. Tulikuwa tunajisifu kuliko majirani.

Matibabu ni hivi, kwa mwenye kuhitaji kujua. Mara mbili walinipanua umio kwa puto, mara ya kwanza mwezi wa kupanda mahindi, mara ya pili yakiwa yamefika magotini. Kifua kinauma siku tatu kama umepigwa na mwiko wa bukari, halafu unameza ndizi nzima na unataka kumpigia kila mtu simu. Nilipewa pompe ya asima, kile kipulizio cha wenye pumu. Nikasema sina asima. Docta akasema usivute, puliza kinywani umeze, halafu usile wala kunywa nusu saa. Ulimi uliota utando mweupe, nikasukutua, ukaisha. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Mi niliiacha ile ya tumbo ya dispanseri, mmeona.

Halafu docta akaniambia niache maziwa, mkate, mayai, soya, karanga na samaki.

"Docta, we unajua Baraka iko wapi?"

"Ku ziwa, Papa."

"Na unaambia mutu wa ziwa aache samaki."

"Wiki sita tu."

"Mutu anaweza kuhama dini kwa wiki sita."

Niliacha. Nilikula bukari, maharage, majani, ndizi, mbuzi, kama mfungwa. Kisha tukarudisha kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja Bukavu, benchi, kamera. Samaki akarudi, umio ukabaki laini. Nililia kwa ndakala wa kwanza, na nimesema mimi si mtu wa kulia. Mayai yakarudi. Karanga, soya, mkate. Mwisho kikombe cha maziwa. Siku ya tisa bukari ilisimama, na kamera ikaonyesha pete zimeanza kurudi.

Ilikuwa maziwa. Kile kitu kimoja nilichojinunulia kwa mkono wangu, nikakinywa mlangoni kwa majivuno, bila mtu kukionja.

Nilipomwambia Mauwa, alipiga makofi. "Kumbe ni bale ba kule juu! Batu ba ng'ombe! Banatia kitu mu maziwa!"

"Mauwa, funga kinywa."

"Mi nasema kweli, batu..."

"Maziwa ile ile batoto ba Baraka yote banakunywa na banalala vizuri. Maziwa iko muzuri. Mubovu ni mimi. Na we unabeba damu ile ile. Ukisema tena neno hilo kwa mutu, nitabomoa nyumba yako kwa nyundo, na we ndani."

Katika nchi hii neno kama lile halibaki barazani, linapanda mlimani na kurudi na maiti. Nilikuwa nimeshaacha neno moja litoke nyumbani kwangu. La pili halikutoka.

Kilichobaki ni Fizi-Centre. Naweza kula, na hakuna wa kula naye. Miezi ile nilikaa mezani na sahani yangu, umio umefunguka, na chakula kilishuka vizuri mahali pasipo na mtu. Nilikuwa nimetuma ujumbe mara tatu, Wilondja akajibu mara moja tu: "Anapalilia."

Nikapanda na mbuzi wawili wa faini, kama desturi inavyotaka, na Mauwa nikamburuta. Wakwe walikaa uani, wazee sita. Mke wangu alikaa mlangoni akichambua maharage, hakuinua uso. Nikaanza na salamu ndefu. Wilondja akanikata.

"Shemeji, mbuzi tumeziona. Sema."

Nikasema. Nikasema ugonjwa uko kwenye damu yangu, tangu babu. Nikasema hakukuwa na sumu. Nikasema nilijua mke wangu hana sumu siku ya kwanza aliyoonja, na nikanyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi kuwa mgonjwa wa mtu kuliko kuwa mgonjwa wa bure. Wazee wakaguna. Mmoja akasema imetosha, leteni pombe.

"Haijatosha," mke wangu akasema, macho kwenye maharage. "Bale bengine?"

"Gani?"

"Muke ya baba yako. Muke ya babu yako. Ulituma neno kwa simu ya Riziki kama tulikuwa batatu. Mi niko na jina. Bale wanaitwa nani?"

"Wa baba aliitwa Andjelani," nikasema.

"Na mwingine?"

Sikujua. Bibi yangu mzaa baba, na sikujua jina lake. Kwetu aliitwa yule mchawi, basi. Nilisimama pale mbele ya wakwe, mtu mwenye mashini, na kinywa wazi. Wazee wakatazama chini kwa aibu yangu.

Nyuma yangu Mauwa akasema, polepole, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Bitondo. Aliitwa Bitondo. Mi njo nilipewa jina lake kwanza. Balibadilisha jina wakati balimufukuza."

Akaketi chini kwenye vumbi, kitenge kikamfunika uso. Mke wangu akaweka maharage chini. Akasimama, akaingia ndani, akamletea maji kwenye kikombe. Hakuyaonja. Mauwa akayanywa yote.

"Shukeni," mke wangu akaniambia. "Maharage yangu haijakauka. Nikivuna nitaona."

Hakusema atakuja. Nilishuka Baraka na wiki saba nilikula peke yangu, na sitaki kuziandika. Wiki ya nane pikipiki ya Wilondja ikasimama mbele ya mashini, na mifuko miwili ya maharage, na Mama Riziki juu yake. Wateja wakapiga vigelegele. Akawaambia wafunge vinywa, mihogo yao inamwagika.

Mchana akaweka sahani. Tukakata matonge. Langu likashuka.

"Baba Riziki," akasema, "tafuna. Usijivune."

Wewe unayekwama, nenda ukatazamwe kwa kamera. Kama ni mbali, ni mbali, panda gari. Na anayekupikia, mwache apike.

Leo nina nyumba ya matofali yenye vyumba vitano na mabati mapya upande mmoja. Mashini mbili za kusaga, moja inafanya kazi. Mtumbwi mmoja. Mashamba mawili ya mihogo upande wa Fizi na moja la mahindi ambalo ni la mke wangu, silihesabu. Mbuzi tisa. Pikipiki ya zamani. Pompe mbili za asima, moja ya kutumia na moja ya akiba. Mkanda mpya wenye matundu matatu tu. Na umio mmoja, mwembamba, wa baba yangu, unaopitisha chakula.